Neno Lililokatazwa katika Chumba Namba Nne

Sogeza kiti, wewe unayekalia sasa kile kigoda changu kirefu mbele ya hadubini, unisikilize kidogo kabla foleni haijafika mlangoni. Siku mliyoniandalia chai ya kuniaga, Mercy wa mapokezi aliniambia, "Madam, usituache hivyo tu. Hizo stori zako za maneno si uziandike?" Nikacheka. Lakini sasa nimeketi hapa nyumbani Komarock wiki ya tatu, sina mtu wa kumchoma kidole, na majirani wameanza kuniepuka kwa sababu nawauliza maswali ya afya bila kualikwa. Kwa hiyo naandika.

Vyeo sitavitaja, wala mshahara. Havikunifundisha chochote. Nitakueleza habari za neno moja unaloliandika kila siku bila kulitazama usoni, na za mama mmoja aliyekaribia kupoteza mtoto kwa sababu nililiandika mahali ambapo halikustahili kuandikwa.

Neno lenyewe ni malaria.

Nilifika katika zahanati ya misheni karibu na mtaa wa Jericho, Eastlands, mashariki mwa Nairobi, nikiwa na cheti kipya na viatu vilivyonibana. Maabara ilikuwa chumba namba nne, mwisho wa kibaraza: meza moja, sinki moja, hadubini mbili, moja nzima na moja ya kutuliza wageni. Msimamizi alikuwa Sista Agnese, mtawa Mwitaliano mfupi aliyesema Kiswahili sanifu kuliko sisi sote, kwa kuwa alikisoma vitabuni kabla hajasikia mtu akikivunja. Wagonjwa wa Eastlands walimsalimu "Sasa, Sista?" naye akawajibu kwa utulivu, "Sasa ni saa tatu na nusu."

Siku ile ya kwanza hakunionyesha hadubini. Alinionyesha daftari. Lilikuwa kubwa, la jalada gumu, limepigwa mistari kwa rula. Jina, umri, mtaa, kisha safu pana yenye kichwa: *Kilichoonekana*.

"Binti," aliniambia, "katika safu hii neno malaria haliandikwi."

Nilidhani sikuelewa. "Lakini Sista, si ndiyo tunayopima?"

"Tunapima damu. Ukiona vimelea, andika vimelea vimeonekana, na wingi wao. Usipoona, andika havikuonekana. Jina la ugonjwa ni kazi ya Daktari Otieno, chumba namba mbili. Yeye ana mgonjwa mzima mbele yake. Wewe una tone."

Moyoni nilimwona mkaidi. Mtu akija na homa, kichwa kinamgonga, viungo vinauma, Nairobi nzima inajua ugonjwa huo unaitwaje. Hata wagonjwa walikuwa wakiutaja wenyewe mlangoni: "Mimi niko na malaria, nipime tu haraka." Sista alikuwa akiwajibu kwa upole kwamba mtu huja na homa, na malaria huja baadaye, ikija.

Mchana mmoja, tukila ugali na sukuma wiki kwenye kibaraza, nilimuuliza kwa nini neno hilo linamkera.

"Halinikeri," alisema. "Ni la kwetu. Nalijua tangu utotoni." Akachukua kipande cha chaki alichokuwa akitumia kuandika namba za foleni, akaandika sakafuni maneno mawili. "*Mala*, mbaya. *Aria*, hewa. Ecco, ndivyo hivyo. Wewe ukiniandikia kwamba mtu ana malaria, mimi nasoma kwamba ana hewa mbaya."

Alinieleza kwamba alizaliwa kaskazini mwa Italia, kwenye nyanda za mashamba ya mpunga, maji yametuama hadi upeo wa macho. Wazee wa kule walijua kwamba atembeaye karibu na maji hayo jua likizama hurudi na homa. Hawakujua ni kwa nini. Walichonusa ni harufu ya matope yanayooza, wakasema hewa ile ndiyo muuaji. Bibi yake alifunga madirisha yote kila jioni, akaziba hata nyufa kwa matambara, hewa mbaya isiingie.

"Kwa hiyo bibi yako alikosea," nilisema, nikijisikia msomi.

Sista alinitazama kama mtu anayetazama slaidi ya kioo iliyopakwa damu vibaya. "Alikosea jina. Lakini ukifunga dirisha jioni, ni nani anayebaki nje?"

Nilifikiri kidogo. "Mbu."

"Mbu. Na watu wa mji walipochoka na hewa mbaya, walichimba mifereji wakakausha matope. Nani akafa?"

"Mbu."

"Basi usiwacheke wazee wangu. Walipiga gizani, na wakampata."

Tangu siku hiyo nilianza kuliheshimu neno hilo, ingawa bado sikuelewa kwa nini nisiliandike. Nilianza pia kuwa na tabia ambayo ninyi mmenivumilia kwa miaka: kukusanya majina ya homa hii kutoka kila mtu aliyepita mbele yangu akitetemeka. Eastlands ni mahali pazuri kwa kazi hiyo. Dunia nzima hupita pale na homa yake.

Alikuja fundi cherehani kutoka Bukavu, mkimbizi, akaketi akasema, "Mama, niko na palu." Nikamuuliza palu ni nini. Akashangaa kwamba daktari mzima hajui. Ni *paludisme*, alisema, Kifaransa walichoachiwa na Wabelgiji. Sista alinifafanulia kwamba ndani yake mna neno la Kilatini la kinamasi. Wahispania nao hulitumia hilo hilo kwa mwisho tofauti kidogo. Kwa hiyo Waitaliano walilaumu hewa, jirani zao wakalaumu matope yaliyoitoa hewa hiyo. Walikuwa wanamkaribia mhalifu nyumba baada ya nyumba.

Kisha akaja padri mmoja Mpolandi, mkubwa kama mlango, aliyekuwa amerudi kutoka Busia wiki mbili kabla. Alikuwa amejifunika blanketi saa sita mchana jua likiwaka, meno yakigongana. "*Zimnica*," alisema. "Bibi yangu aliita hivyo. Ubaridi. Ugonjwa wa ubaridi." Nilipenda hilo. Watu wake hawakusema ubaridi ule umetoka wapi. Walisema tu wanachokihisi.

Na kabatini, nyuma ya chupa za asidi, palikuwa na kitabu cha Kijerumani cha maabara kilichoachwa na masista wa zamani. Sista alinisomea kichwa cha sura moja: *Wechselfieber*. Homa ya kubadilika-badilika. Leo imekukamata, kesho imekuacha, keshokutwa imerudi kudai kiti chake. Waingereza, aliniambia, walikuwa na neno lao la kale, *ague*, lililotoka kwenye Kilatini cha kitu kikali, chenye ncha, wakalitupa walipopendezwa na neno la Kiitaliano. Sisi tukalipokea kutoka kwao, limeshapita mikono mingi kama koti la mtumba la soko la Gikomba, na kama koti hilo, likatukaa vizuri.

Nilikuwa nayaandika majina haya nyuma ya daftari langu mwenyewe. Sista alinikuta siku moja akasema, "Vizuri. Siku moja utayapanga." Sikumuuliza nitayapanga vipi.

Mwaka wangu wa tatu, Sista alikwenda likizo kwao miezi miwili, nami nikabaki peke yangu chumba namba nne. Ulikuwa msimu wa mvua ndefu. Nusu ya Jericho ilikuwa inakohoa na foleni ilifika getini. Sasa nisikilize kwa makini wewe wa hadubini, kwa maana hili ni kosa letu sisi, fundi wa kazi nyingine hawezi kulifanya.

Unajua kwamba ile rangi ya zambarau tunayopakia damu ikikaa, hujitengenezea punje. Ndiyo maana Sista aliichuja kwa karatasi kila asubuhi kabla ya kugusa kitu kingine, hata kabla ya kusalimia. Mimi niliichuja Jumatatu ya kwanza. Jumatatu ya pili niliona bado ni nzuri. Baada ya hapo sikuiangalia tena.

Wiki hizo alikuja Halima. Alikuwa mwanamke wa Eastleigh, Msomali mzaliwa wa hapa hapa, mwenye kibanda cha mashuka na mapazia, mcheshi hata akiwa na homa. Alikuwa mja mzito wa miezi sita. Mimba mbili za kwanza zilikuwa zimetoka, na hii ndiyo ya kwanza kufika pale. Alinieleza hayo mwenyewe huku nikimchoma kidole. "Huyu ameamua kukaa," alisema akigusa tumbo. "Usimtishe na sindano yako, daktari." Halafu akaongeza kwamba homa humjia jioni, humtoa jasho, humwacha asubuhi, na mgongo humuuma kama aliyebeba marobota.

Nikaweka slaidi yake. Niliona vidoti vya zambarau vyeusi, hapa kimoja, pale viwili. Homa inayokuja na kuondoka, jasho, vidoti. Nilikuwa na jibu kabla sijamaliza kutazama. Na kwa kuwa Sista hakuwapo, na kwa kuwa neno lilikuwa fupi na foleni ndefu, niliandika kwenye safu ya *Kilichoonekana*: Malaria.

Daktari Otieno aliniamini, kama alivyopaswa. Alimpa kwinini, dawa tuliyowapa waja wazito siku hizo. Baada ya siku kumi Halima akarudi na homa ile ile. Nikatazama, nikaona vidoti, nikaandika neno lile lile, safari hii kwa mwandiko wa kujiamini zaidi. Dawa tena.

Mara ya tatu alirudi asubuhi ile ile ambayo Sista Agnese alirudi kazini. Halima hakutania. Aliketi kwenye benchi akishika tumbo kwa mikono yote miwili, akasema kwa sauti ndogo, "Tangu jana hachezi kama kawaida."

Sista alichuchumaa mbele yake. Hakuuliza anaumwa nini. Aliuliza, "Mwezi huu na ule uliopita, umelala wapi?"

"Kwangu Eastleigh, Sista. Sijatoka hata kwenda harusi ya binamu."

"Hukwenda Pwani? Hukwenda Garissa?"

"Wapi! Na tumbo hili?"

Sista aligeuza kichwa akanitazama mara moja tu. Mbu wa Nairobi wanauma, hilo kila mtu anajua, lakini kwa baridi yetu hii wengi wa wale tuliowakuta na vimelea walikuwa wamevibeba kutoka Kisumu, Busia au Mombasa. Mimi sikuwa nimemuuliza Halima swali hilo hata mara moja.

"Na nyumbani mnakunywa nini?" Sista aliendelea.

"Chai. Maji. Na maziwa ya ngamia, yanashuka na basi kutoka Isiolo. Shangazi anasema mja mzito lazima anywe."

"Mnayachemsha?"

Halima akaonyesha mshangao wa kweli. "Ukiyachemsha si utayaharibu utamu?"

Sista akasimama, akaniita ndani. Slaidi zote tulizitunza mwezi mzima katika sanduku la mbao lenye vijitobo, alilotengenezewa na seremala wa Gikomba. "Ya kwanza yake iko wapi?" Nikampa. Akaiweka chini ya lenzi, akatazama kitambo, akaniachia kigoda.

"Usiseme. Zungusha kirekebishi cha lenzi polepole, juu, chini."

Nikazungusha. Seli nyekundu zilipokuwa wazi, vidoti vyangu vilififia. Vidoti vilipokuwa wazi, seli zilipotea. Havikuwa ndani ya damu. Vilikuwa vinaelea juu yake, kama vumbi juu ya kioo. Na hata kimoja hakikuwa na ule mduara wa buluu wa kimelea, wenye kitone chekundu pembeni, kama pete yenye jiwe.

"Umeona nini?"

"Punje za rangi, Sista."

"Na uliandika nini?"

Nilimfungulia daftari. Sista alichota damu mpya ya Halima, akaisubirisha itulie, akadondosha maji yake ya juu kwenye kigae cheupe pamoja na tone la dawa ya kupimia burusela, homa inayotoka kwenye maziwa. Akakitikisa kigae taratibu. Tone likakatika vipande vidogo kama maziwa yaliyoganda: ndiyo burusela yenyewe. Wewe umeshaona jambo hilo mara nyingi. Mimi siku ile nilitamani sakafu inimeze, kwa kuwa nilijua homa hiyo ikiachwa huweza kuitoa mimba.

"Mwambie wewe," alisema Sista. "Mwambie ulichokiona."

Nilitoka kibarazani. Foleni nzima ilinigeukia. "Dada Halima," nilisema, "mimi ndiye niliyekosea. Hukuwa na vimelea vya malaria. Nilichoona ni uchafu wa rangi yangu mwenyewe. Kuna ugonjwa mwingine, na unatibika, lakini lazima uende hospitali kubwa leo hii."

Halima aligusa sikio lake. "Nimemeza dawa mara mbili, masikio yakanililia wiki nzima kama mbu mia. Na mbu hakuwapo?"

"Hakuwapo."

"Sasa ulimwona nani kwa hicho chuma chako?"

"Niliona vumbi, dada."

Mama mmoja kwenye foleni akashindwa kujizuia: "Kwani vumbi ya Eastleigh imefika mpaka kwa damu?" Watu wakacheka. Halima hakucheka. Alisema tu, "Kama huyu akitoka, mimi na wewe tutaonana." Na hakusema kwa ukali. Ndiyo maana ninalikumbuka.

Daktari Otieno alimsindikiza mwenyewe. Aliporudi alipita chumba namba nne, akasema, "Madam, mimi pia nilipaswa kumuuliza alilala wapi," akaenda. Mtu mwingine angenilaumu peke yangu.

Jioni hiyo nilichukua wembe nikitaka kukwangua lile neno daftarini. Sista akanishika mkono. "Hapana. Piga mstari mmoja juu yake, lisomeke chini. Andika pembeni ulichokiona kweli, na jina lako. Kosa likifutwa kabisa, litarudi."

Nilipiga mstari. Kisha akaniambia nilete ile orodha yangu ya majina. "Sasa yapange," alisema.

Tuliyapanga pamoja. Upande mmoja hewa mbaya na kinamasi: majina ya watu waliotaja sababu. Upande wa pili ubaridi, kubadilika, ukali: majina ya watu waliotaja walichokiona. "Tazama upande huu," aliniambia akigonga ule wa pili. "Bibi yake yule padri Mpolandi hakuwahi kuambiwa amekosea, na hataambiwa. Bibi yangu aliambiwa. Siku ilipojulikana kwamba ni mbu, jina letu lilikuwa tayari ni la uongo, na limeenea dunia nzima."

"Kwa nini hawakulibadilisha?"

Alitabasamu. "Walipiga mstari mmoja juu yake. Bado linasomeka. Kila daktari wa kila nchi anapolitamka anakumbushwa kwamba watu wenye akili, wenye bidii, waliotazama vizuri, walikosea. Mimi naona hilo ni jambo zuri sana kwa neno kufanya."

Hadi leo nami naona hivyo. Nimelipenda neno hilo kuliko yote niliyoyaokota, kwa unyenyekevu wake. Lakini kwenye safu ile sijaliandika tena.

Halima alikaa hospitalini kwenye dawa wiki nyingi. Nilikwenda kumwona kila Jumamosi. Jumamosi ya kwanza aligeukia ukutani. Ya pili aliniuliza kama nimeichuja rangi yangu. Ya nne aliuchukua mkono wangu akauweka tumboni, nikapigwa teke. Mtoto alizaliwa kabla ya wiki zake, mdogo kama nusu mkate, lakini kilio chake kilisikika hadi kwenye ngazi. Alikuwa msichana, Sahra. Sista Agnese alimbeba akasema ana mapafu ya mwimbaji. Miaka michache baadaye Sista alirudi kwao kupumzika, akaniachia kigoda, sanduku la seremala, na lile daftari.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, Sahra alikuja chumba namba nne na mwanawe mwenye homa. Walikuwa wametoka Mombasa kwa likizo. Nyuma yake aliingia Halima, mzito wa mwili sasa, akaketi mbele yangu bila kukaribishwa. Nilipoinua macho kutoka kwenye lenzi, aliinua kidole.

"Usinitajie jina. Niambie umeona nini."

"Nimeona pete," nikasema. "Ndani ya seli, zina jiwe jekundu. Nyingi."

"Vumbi?"

"Rangi nimeichuja leo asubuhi."

Akatazama ile karatasi ya chujio iliyokuwa bado mbichi kwenye faneli. Akaitikia kwa kichwa. "Haya. Sahra, mpeleke kwa daktari, yeye aiite atakavyo. Sisi nyumbani tunaiita kaneeco, ndiye mbu mwenyewe." Mjukuu wake alipona wiki hiyo hiyo.

Kwa hiyo wewe uliyeketi kwenye kigoda changu: kesho asubuhi, kabla ya kusalimia mtu, chuja rangi. Muulize mgonjwa wa kwanza alilala wapi mwezi huu. Kisha tazama, zungusha kirekebishi juu na chini, na uandike ulichokiona.